Panda wa Kahawia na Damu ya Orki
Na Mwanaidi Shekue

Katika gemu ya Minecraft, panda wawili wa kawaida, weusi kwa weupe, wanaweza kulishwa mianzi, wakapandana, wakazaa mtoto wa rangi ya kahawia. Asiyejua siri atadhani ni bahati tu. Sivyo. Tangu toleo la 1.14 la mwaka 2019, kila panda ana jeni mbili, moja kuu na nyingine iliyofichika, na mtoto hupokea moja kwa kila mzazi. Ukahawia hauonekani mpaka zote mbili ziwe za kahawia. Ni kanuni aliyoichapisha Gregor Mendel mwaka 1866, baada ya miaka ya kupanda njegere katika bustani ya monasteri mjini Brno.

Utamu zaidi ulikuja Machi 2024. Watafiti wa China walieleza kuwa panda wachache wa kahawia wa milima ya Qinling wana nakala mbili za jeni iitwayo Bace2, zote zimepungukiwa herufi 25 za DNA. Gemu ilikuwa imekisia sawasawa.

Wapo wanaosema kuwa katika gemu palipo na majoka, sayansi ikae pembeni. Hoja hiyo haina mashiko. Hata uchawi hunoga ukiwa na kanuni, na jeni iliyojificha humfanya mchezaji apekue ukoo kizazi baada ya kizazi. Steve Grand wa Uingereza alilielewa hilo mapema: katika Creatures, gemu yake ya mwaka 1996, viumbe walioitwa Norn walirithishana jeni zilizoamua hata kemia ya miili yao.

Kinachoudhi ni ubaguzi wa damu unaopitishwa kwa jina la urithi. Katika toleo la tatu la gemu ya Dungeons & Dragons, la mwaka 2000, chotara wa binadamu na orki, zimwi la kubuni, alikatwa pointi 2 za akili na 2 za haiba kwa sababu ya uzao wake tu. Mendel hayumo humo. Ni “mtoto wa nyoka ni nyoka” iliyogeuzwa hesabu. Kitabu cha kanuni za gemu hiyo cha 2024 kimezihamishia nyongeza za vipaji kwenye malezi na kazi ya mhusika, na kimefanya vyema.

Mbunifu anayetaka jeni katika gemu yake basi aziweke kikamilifu, zinazoonekana na zilizojificha, pamoja na mabadiliko ya ghafla, ili orki wawili wasiojua hata kusoma waweze kumzaa mchawi bingwa.