Kodi Iliyosamehewa na Kazi Iliyoahidiwa

Mshahara wa askari jeshi, wa polisi na wa mwalimu hutoka katika mfuko mmoja, nao ni mfuko wa kodi. Mama anayenunua bidhaa dukani na kulipa ndani ya bei yake TVA ya asilimia 18, iliyoanza kutozwa Burundi mwezi wa Julai 2009, huutia mfuko huo kitu hata kama hakuhesabu. Kwa hiyo Serikali inapoiambia kampuni ya kigeni ije ijenge Bujumbura na isamehewe kodi, haitoi mali isiyo na mwenyewe. Inaacha fedha ambazo zingeingia katika mfuko huo, na pengo lake hujazwa na walipaji wengine. Kinachotarajiwa badala yake ni kazi kwa vijana wa nchi. Basi ni haki ya kila nyumba yenye kijana aliyemaliza shule kuuliza: je, kazi hizo huja?

Nia ya misamaha hii si mbaya. Burundi haina bahari. Shehena inayoshushwa bandarini Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 1,500 kabla ya kufika Bujumbura, na umeme wa viwanda haujapata kutosha. Mwenye mtaji akipima gharama hizo aghalabu huona afadhali abaki Nairobi au Kampala. Wakubwa wa nchi wakafikiri kwamba wakipunguza mzigo wa kodi watausawazisha uzito wa safari.

Jaribio kubwa la kwanza lilikuja mwaka 1992, ilipotungwa sheria ya maeneo huru. Kampuni iliyozalisha kwa ajili ya kuuza nje ilisamehewa kodi ya faida kwa miaka 10. Lakini mwezi wa Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa na nchi ikaingia vitani. Mwezi wa Julai 1996 nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya biashara, navyo havikuondolewa hadi Januari 1999. Katika miaka hiyo msamaha ulikuwapo katika karatasi, lakini barabara zilikuwa zimefungwa. Hapo lilionekana somo ambalo halijapitwa na wakati: msamaha wa kodi ya faida haumfai mtu asiyeweza kupata faida.

Jaribio la pili lilikuwa la hekima zaidi. Kanuni ya Uwekezaji ya mwezi wa Septemba 2008, pamoja na sheria iliyofafanua manufaa yake, iliacha kusamehe kwa jumla na ikaanza kupima. Kampuni iliyoajiri Warundi kati ya 50 na 200 ilipunguziwa kiwango cha kodi ya faida kwa asilimia 2. Iliyoajiri zaidi ya 200 ilipunguziwa asilimia 5. Mwaka 2009 ukaundwa Wakala wa Kukuza Uwekezaji, API, na mwaka huohuo Ofisi ya Mapato ya Burundi, OBR. Kwa mara ya kwanza sheria ilitamka wazi kwamba punguzo ni malipo ya kazi, na kazi yenyewe iwe imehesabika kwa vichwa vya watu.

Hata hivyo, sheria hiyohiyo ilikuwa na kifungu kingine chenye nguvu kuliko hicho. Kampuni ilirudishiwa, kwa njia ya kupunguziwa kodi, asilimia 37 ya thamani ya mitambo na mali nyingine za kudumu ilizoziwekeza. Na ichukuliwe hesabu ya mfano. Kiwanda kinapata faida ya faranga milioni 100 kwa mwaka. Kwa kiwango cha asilimia 30, kilichowekwa mwaka 2013, kodi yake ni milioni 30. Kikiajiri watu 250, kiwango hushuka hadi asilimia 25, nacho hubakiwa na milioni 5, yaani faranga 20,000 kwa kila mfanyakazi kwa mwaka mzima. Lakini kikinunua mitambo ya faranga milioni 1,000, haki yake ya kupunguziwa ni milioni 370. Fedha hizo ni sawa na punguzo la wafanyakazi 250 kwa miaka 74, hata kama mitambo hiyo inaangaliwa na watu watano tu. Mwenye kiwanda si mwovu akifuata njia inayomlipa zaidi. Sheria ilisema inataka watu, lakini kwa mkono wa pili ikalipia chuma.

Lipo na swali la pili: je, kampuni zilizopewa misamaha zisingekuja bila hiyo? Benki ya Dunia iliwauliza wawekezaji wenyewe katika nchi kadhaa, na matokeo yakatolewa mwaka 2013. Katika Burundi, wawekezaji 77 kati ya kila 100 walijibu kwamba wangewekeza hata kama wasingepewa manufaa hayo. Kenya walikuwa 61, Tanzania 91, Uganda 93 na Rwanda 98. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya kodi iliyoachwa ilimlipa mtu kwa safari ambayo tayari alikuwa ameianza.

Tena majirani hushindana. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi wa Julai 2007, na tangu hapo kampuni inayotaka kuuza katika soko hilo huweza kuchagua mji wa kukaa. Rwanda, kwa sheria yake ya mwaka 2015, iliahidi kodi ya asilimia sifuri kwa kampuni ya kimataifa itakayohamishia huko makao yake makuu au ofisi yake ya kanda, ikitimiza masharti, mojawapo likiwa kuwekeza angalau dola milioni 10. Mji mmoja ukishusha kodi, wa pili hushusha zaidi, na mwenye kampuni husubiri akitabasamu. Ofisi ikihama kutoka mji mmoja wa Jumuiya kwenda mwingine, eneo zima halijapata kazi mpya hata moja. Kilichobadilika ni anwani, na kodi imepotea njiani.

Nchi nyingine mbili zinaonyesha kazi huletwa na nini. Kenya ilitunga sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje mwaka 1990, kwa msamaha wa miaka 10. Miaka kumi ya mwanzo haikuleta umati wa ajira. Viwanda vya nguo viliongezeka baada ya mwaka 2000, Marekani ilipofungua soko lake kwa nguo za Afrika bila ushuru kwa sheria ya AGOA. Mwanzoni mwa mwaka 2005 mgawanyo wa dunia wa biashara ya nguo ulipokoma na nguo za Asia zikafurika, baadhi ya viwanda vilifungwa Kenya, ingawa msamaha ulikuwa uleule. Kazi zilikuja na soko, zikaondoka na soko.

Uganda nako, mwaka 2003, kampuni ya Tri-Star yenye mwekezaji kutoka Sri Lanka ilianza kushona nguo Bugolobi, Kampala, kwa kubebwa sana na serikali. Iliajiri wasichana zaidi ya elfu moja. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo wafanyakazi waligoma wakilalamikia hali ya kazi, na zaidi ya 200 wakaachishwa. Haikupita miaka mingi kampuni yenyewe ikakoma, na dhamana ikabaki kwa taifa.

Bujumbura inacho kipimo chake, nacho ni kiwanda cha nguo cha COTEBU, kilichojengwa kwa msaada wa China. Kiliposimama katika miaka ya 2000, hawakuumia wafanyakazi wa mitambo peke yao. Aliumia mkulima wa pamba wa bonde la Imbo, mchukuzi, na mama aliyewauzia chakula langoni. Baadaye wawekezaji kutoka Mauritius walikifufua kwa jina la Afritextile. Kiwanda cha namna hii ndicho chenye haki ya kutazamwa kwa jicho la huruma, kwa sababu kazi moja ya ndani huzaa nyingine za nje. Lakini huruma hiyo ina sharti: pamba iwe ya hapa. Nyuzi zikitoka ng'ambo, mkulima wa Imbo hatapata kitu katika msamaha huo. Hali kadhalika mafundi wa gereji na seremala wa Buyenzi, ambao hufundisha vijana kazi kila mwaka, hawajapata kuandikiwa kifungu chao, kwa kuwa hawakuja kwa ndege.

Mwaka 2021 Burundi ilitunga Kanuni mpya ya Uwekezaji. Kanuni yoyote, ya leo au ya kesho, itafaa ikifuata mambo manne ambayo kila mwenye nyumba anayajua kutokana na matumizi yake mwenyewe. Kwanza, punguzo litolewe baada ya kazi kuonekana, wala si kabla, kama vile kibarua alipwavyo jioni. Pili, kihesabiwe kichwa cha mfanyakazi mwenye mkataba na aliyeandikishwa katika hifadhi ya jamii, wala si jina lililoandikwa katika ombi. Tatu, zitolewe katika hesabu kazi zilizokufa kwa jirani: kiwanda kipya kikiajiri watu 100 na kwa msamaha wake kikaua cha zamani chenye watu 80, taifa limepata kazi 20. Nne, orodha ya waliosamehewa itangazwe kila mwaka, pamoja na kiasi walichosamehewa na idadi ya walioajiriwa.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Askari anayelinda njia ya malori usiku na polisi anayesimama katika mtaa wa viwanda wanafanya kazi ambayo mwekezaji huithamini kuliko msamaha wowote, maana bila usalama, barabara na umeme hakuna faida ya kutozwa wala ya kusamehewa. Huduma hizo hulipiwa kwa kodi. Serikali inayosamehe kodi ili ipate viwanda na ijihadhari isije ikapunguza kile kinachovifanya viwanda viwezekane. Na anayeahidiwa ajira kwa mwanawe aulize kwa adabu, lakini aulize: ni wangapi, ni wa wapi, na wameandikwa katika daftari lipi?