Takwimu Zifike Hadi Mikese

Mikese ni kituo cha siku nyingi cha Reli ya Kati, mashariki ya mji wa Morogoro. Ndugu zetu wa visiwani washukao melini Dar es Salaam na kushika barabara ya kwenda Dodoma hupita hapo, wakiitazama milima ya Uluguru. Katika milima hiyo ndimo vinamoanzia vijito vinavyoujaza mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam.

Tuulize basi swali moja dogo. Katika kata ya Mikese viko visima vingapi, na leo vingapi vinatoa maji? Mwandishi wa habari akitaka kulijibu, mara nyingi hupewa asilimia ya nchi nzima. Asilimia ya nchi nzima haijazi ndoo ya mama wa Mikese.

Hatusemi kwamba Serikali haikufanya kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Wizara ya Maji iliorodhesha vituo vya maji vya vijijini Tanzania Bara, kimoja kimoja: mahali kilipo, aina ya pampu, mwaka kilipojengwa na hali yake. Orodha hiyo ilipowekwa wazi ilidhihirika kwamba takriban vituo viwili katika kila vitano havikuwa vikitoa maji. Habari hiyo ilikuwa chungu, lakini uchungu wake ulikuwa wa dawa. Ilitufunza kwamba kujenga kisima na kukitunza ni kazi mbili, na kwamba kiongozi anayehesabu visima vilivyozinduliwa tu hajahesabu maji.

Lakini orodha nayo huzeeka kama pampu. Kwa hiyo mahitaji ya mwandishi ni haya. Kwanza, takwimu zishuke hadi kijijini. Pili, zionyeshe zilikusanywa lini na nani. Tatu, zitolewe katika majedwali yanayoweza kujumlishwa na kulinganishwa, si picha za karatasi zenye mihuri. Nne, kata inapogawanywa au kubadilishwa jina, ielezwe wazi, ili za mwaka huu zilinganishwe kwa haki na za mwaka jana. Tano, awepo ofisa wa kuzieleza, asiyeogopa kuulizwa wala kuona kuwa anatoa hisani.

Sheria ipo. Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya 2016 inamtaka mwenye dhamana ya habari amjibu mwombaji katika siku 30. Lakini safari yetu ya uwazi imekuwa ya kupanda na kushuka. Mwaka 2011 nchi yetu ilijiunga na Mpango wa kimataifa wa Uendeshaji wa Shughuli za Serikali kwa Uwazi. Mwaka 2017 ikajitoa. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa kwa namna iliyowatia hofu waliotaka kutangaza hesabu zinazotofautiana na za Serikali. Mwaka 2019 adhabu hiyo ya jinai ikaondolewa. Tunaipongeza hatua hiyo ya mwisho. Hata hivyo, hofu haifutwi kwa kalamu siku moja. Huondoka pale ofisa anapofungua jalada na kujibu.

Kwa wasomaji wetu wa visiwani jambo hili si la jirani. Sheria ile ya 2016 ni ya Tanzania Bara, haivuki bahari. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 1,889,773 Zanzibar, na kila mmoja anaishi katika shehia. Mkaazi wa shehia ya Micheweni ana haja ileile ya mkaazi wa Mikese: kujua maji, dawa na walimu waliopangwa kwa ajili yake, na waliomfikia kweli. Tungependa kuona takwimu za shehia zikitolewa kwa utaratibu wa kisheria, si kwa kujuana.

Baadhi ya maofisa husema kwamba takwimu zikiwa wazi zitawapa silaha wapinzani wa Serikali. Sisi tunaona kinyume chake. Palipofichwa hesabu ndipo uvumi huzaliwa, na uvumi hauna jedwali la kusahihishwa. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulimkataza kiongozi kuwa na kiburi na dharau kwa wananchi. Kumnyima mwananchi hesabu ya kisima alichokichangia kwa jasho lake ni dharau, hata ikifanywa kwa upole.

Takwimu hukusanywa kwa fedha za wananchi na kwa majibu ya wananchi wenyewe. Ofisa aliyezishika ameshika amana, na amana hurudishwa kwa mwenyewe. Tunaziomba ofisi za Bara na Visiwani zianze na kisima: kila kijiji, kila shehia, kiandikwe, kitajwe hali yake, na orodha ibandikwe pale watu wanapochota maji.