Nani Atatufunza Kuandika Tasnifu kwa Kiswahili?

Kila mwaka vyuo vikuu vyetu hupokea maelfu ya wanafunzi wapya, na takriban wote hulazimika kusoma kozi moja ya pamoja katika mwaka wa kwanza, yaani Stadi za Mawasiliano. Humo hufunzwa kupanga aya, kunukuu wataalamu, kuandaa orodha ya marejeleo na kujiepusha na wizi wa maandishi. Ni kozi yenye manufaa, nami sina nia ya kuibeza. Hata hivyo, hufunzwa kwa Kiingereza, mifano yake ni ya Kiingereza na mtihani wake ni wa Kiingereza. Mwanafunzi wa Kiswahili huketi humo pamoja na wenzake wa uhandisi na wa biashara, ukumbi umefurika hadi ngazini, kisha hutoka akatarajiwa kuandika kazi zake za idarani, na hatimaye tasnifu nzima, kwa lugha ambayo hakuna aliyemwonyesha jinsi hoja inavyojengwa ndani yake.

Baadaye twalaumiwa. Aghalabu husikika katika vikao vya kutetea mapendekezo ya utafiti kwamba wanafunzi wa siku hizi hawajui kuandika. Sipingi. Ninauliza tu ni lini walifunzwa, na ni nani aliyewafunza.

Jawabu ninalolisikia mara nyingi ni kwamba kazi hiyo ilikwisha kufanywa shuleni. Ni kweli kwamba karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika KCSE ni ya insha. Mtahiniwa huandika insha mbili zenye jumla ya alama 40, kila moja isiyopungua maneno 400. Lakini tuichunguze insha yenyewe. Kisa cha kuthibitisha methali humtuza anayejua kupamba. Mwanafunzi anayeanza kwa kuchomoza kwa jua na mlio wa ndege, akapachika tashbihi nne na nahau saba, hupongezwa na mwalimu wake, na ana haki ya kupongezwa, maana lugha ni utajiri. Msimamizi wa tasnifu, kwa upande wake, hana haja na jua wala ndege. Anataka tatizo la utafiti lielezwe kwa ukurasa mmoja au miwili. Kati ya insha ile na tasnifu hii kuna mto mpana, na daraja hatukujengewa.

Basi mwanafunzi hufanya nini? Hufikiri kwa Kiingereza alichofunzwa, kisha akafasiri. Ndipo tunapokutana na sentensi zinazosema kwamba mhusika fulani "anacheza jukumu muhimu" katika riwaya, kwamba "kwa mkono mwingine" mwandishi amefaulu, na kwamba "mwisho wa siku" maudhui yamejitokeza. Msimamizi huzungushia duara jekundu na kuandika "Lugha!" ukingoni. Neno hilo moja halifunzi. Mwanafunzi ataufuta "mkono mwingine" na kuweka "kwa upande mwingine", ilhali kasoro kubwa imebaki pale pale: aya nzima ilipangwa kwa mantiki ya kuazima, na viunganishi vyetu, kama vile maadamu, ilhali, sembuse, licha ya na seuze, havikupewa nafasi ya kubeba hoja. Viunganishi hivyo tunavifundisha katika sarufi kama aina ya maneno, tukavitungia sentensi mojamoja, tukavipita.

Tatizo la istilahi nalo halijatulia. Huyu huandika ikisiri, yule muhtasari, mwingine sinopsia. Nadharia tete ya idara hii ni haipothesia ya idara ile. Si kwamba wataalamu wetu wamelala. TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha mwaka 1990, K. W. Wamitila akatupa Kamusi ya Fasihi: Istilahi na Nadharia mwaka 2003, nao R. M. Wafula na Kimani Njogu wakatuletea Nadharia za Uhakiki wa Fasihi mwaka 2007. Nani miongoni mwetu hajaegemea vitabu hivyo? Ila vinatupa maneno na nadharia. Havikuandikwa ili kumfunza mtu jinsi ya kuipitisha nadharia katika sura tano bila kuirudia katika kila ukurasa. Wala havimwelekezi anayemsoma Bakhtin, aliyeandika kwa Kirusi, katika tafsiri ya Kiingereza, kisha akatakiwa kumnukuu kwa Kiswahili. Huyo anatafsiri tafsiri, na hakuna aliyewahi kumwambia kama nukuu yake iachwe ilivyo, itafsiriwe, au iwekwe yote mawili.

Jambo hili si la urembo wa lugha peke yake. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa viwango vilivyomtaka mwanafunzi wa uzamili awe amechapisha makala moja katika jarida linalohakikiwa, na wa uzamifu makala mbili. Anayekwama katika kuandika anakwama katika maisha. Karo inaendelea kudaiwa, mwajiri anaendelea kusubiri cheti, na rasimu inaendelea kwenda na kurudi. Wako wenzetu waliomaliza kozi zote za darasani, wakakusanya data, kisha wakapotelea katika sura ya pili. Watu hao hawakukosa akili.

Kuna kejeli moja hapa ambayo siwezi kuifumbia macho. Kwa miaka mingi wahitimu wa vyuo vya Kenya wamekuwa wakiandikia wanafunzi wa ng'ambo insha na hata tasnifu kwa malipo, kwa Kiingereza safi, hadi bunge la Uingereza likapitisha sheria mwaka 2022 ya kuharamisha biashara hiyo nchini England. Kwa hiyo Mkenya anaweza kumwandikia mgeni kazi ya chuo ikapita. Kalamu ipo, mradi imefunzwa. Siku hizi zimeongezeka programu za akili unde, ambazo humwaga Kiswahili laini kisicho na msimamo wowote, na anayezitegemea hujikuta hawezi kutetea sentensi aliyodai ni yake.

Wengine wamefanyaje? Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kilianzisha maabara yake ya uandishi mwaka 1976. Mwanafunzi huketi na mwenzake aliyetangulia, wakaisoma rasimu pamoja, naye aliyetangulia hushika ulimi zaidi kuliko kalamu, akiuliza: hapa ulitaka kusema nini? Na tusidhani utaratibu huu unafaa Kiingereza tu. Huko Stellenbosch, Afrika Kusini, huduma kama hiyo imetolewa kwa Kiafrikana pia. Kama Kiafrikana, chenye wasemaji wachache kuliko Kiswahili, kiliweza, sisi tunazuiwa na nini?

Nitaambiwa ni fedha, na kwamba ratiba imejaa. Kuhusu ratiba, nadhani kozi moja ya uandishi wa kitaaluma kwa Kiswahili katika mwaka wa kwanza ina uzito kuliko baadhi ya tunayoyarudia mara mbili, na wahadhiri wanajua ni yapi. Uandishi wa kubuni tunao katika idara nyingi, nao ni mzuri, lakini kazi yake ni nyingine. Kuhusu fedha, dawati la uandishi halihitaji jengo. Linahitaji meza, saa mbili kwa wiki, wanafunzi wa uzamili wanne au watano wanaosimamiwa na mhadhiri mmoja, na nakala za tasnifu kumi zilizokwisha kukubaliwa, ambazo zimo maktabani zikila vumbi. Mwongozo mfupi wa mtindo, wa kurasa ishirini hivi, ukubaliane kuhusu ikisiri, nukuu na marejeleo. Rasimu yake inaweza kuandikwa na chama chetu na kupelekwa idarani muhula huu ikosolewe.

Chumba cha mikutano cha idara huwa kitupu Ijumaa alasiri. Mimi niko tayari kuketi humo kuanzia saa nane hadi saa kumi. Natafuta wenzangu watatu, na mhadhiri mmoja wa kutusahihisha sisi.