Taa za ziada kwenye boneti ya umeme zina hatari gani?

Magari mengi ya umeme hayana injini mbele, hivyo chini ya boneti huwekwa buti. Kwenye Ford F-150 Lightning buti hiyo ina ujazo wa lita 400, na boneti hufunguka na kujifunga kwa mota.

Mashaka huanza mwenye gari anapoifungia boneti taa za ziada. Mota hupangwa kwa uzito uliotoka kiwandani. Na mahali pa kufungia ni muhimu kuliko kilo zenyewe: kilo tatu kwenye ukingo wa mbele huilemea boneti mara mbili zaidi ya kilo hizo hizo zikiwa katikati ya ukingo huo na bawaba. Ikipanda, kompyuta inaweza kudhani imekutana na kizuizi, ikaisimamisha njiani. Ikishuka ni hatari zaidi, maana kinga ya kutobana vidole nayo hutegemea kupima ukinzani.

Isipofunga sawasawa, upepo wa barabara kuu huweza kuifunua mbele ya macho ya dereva. Julai 2024 Tesla ililazimika kurekebisha programu ya magari zaidi ya milioni 1.8 nchini Marekani yasiyotambua boneti iliyoachwa wazi, ingawa chanzo hakikuwa vifaa vya ziada.

Kikomo cha uzito kingepaswa kuandikwa kwenye kitabu cha gari. Kwa sasa, taa zifungwe kwenye bampa.