Mbaazi Zetu na Mlango wa Bara Hindi

Juma hili tuzungumze habari ya mbaazi. Najua wa Mbinga huko juu milimani watasema: "Sisi ni watu wa kahawa na maharage ya ngoro, mbaazi hazipendi baridi yetu." Na wa pwani ya Ziwa, toka Lituhi na Liuli mpaka Mbamba Bay, watasema: "Sisi ni watu wa mihogo, mpunga na usipa." Ni kweli. Lakini katika mabonde ya joto zimo mbaazi katikati ya mahindi, na jirani zetu wa Namtumbo na Tunduru huzilima kwa wingi ili kuuza. Tena, jambo lililozipata mbaazi laweza kulipata zao lolote linalouzwa ng'ambo. Basi sikilizeni nyote.

Watu huuliza hivi: Kwa nini gunia lile lile, la mbaazi zile zile, mwaka mmoja linatosha kulipa karo ya mtoto na kuezeka nyumba kwa bati, na mwaka mwingine halitoshi hata kulipa vibarua waliovuna? Wengi hujibu upesi: "Mchuuzi ametuibia." Wachuuzi wezi wako, sikatai. Lakini kwa mbaazi sababu kubwa iko mbali zaidi. Iko katika mji wa New Delhi, nayo imeandikwa katika tangazo la Serikali, lenye tarehe.

NANI ANAKULA MBAAZI ZETU?

Mbaazi nyingi tunazouza huenda India. Huko huitwa tur, au arhar. Hukobolewa, hupasuliwa vipande viwili, na kupikwa mchuzi uitwao dal. Kwa mamilioni ya watu wasiokula nyama, mchuzi huo ndio nyama yao. Hakuna nchi duniani inayolima mbaazi nyingi kama India, wala hakuna inayokula nyingi kama India. Kwa hiyo mavuno yao yakipungua, huzitafuta Afrika na Myanmar. Mavuno yao yakizidi, hawazitaki.

Majira yanatusaidia. Wao huvuna kati ya Desemba na Machi. Sisi wa kusini huvuna kati ya Julai na Septemba. Zetu hufika kwao wakati maghala yao yanapungua. Hiyo ndiyo nguvu yetu. Lakini ni nguvu ya mtu anayebisha hodi. Mwenye mlango ni mwingine.

MWAKA 2017

Mwaka 2015 mvua zilikuwa haba India. Bei ya dal ya mbaazi ikapanda mpaka karibu rupia 200 kwa kilo, na maskini wa mijini wakalalamika. Serikali yao ikawahimiza wakulima walime, tena ikatafuta mbaazi nchi za nje. Mwezi Julai 2016 iliandikiana mkataba na jirani zetu wa Msumbiji.

Mwaka huo mvua ikanyesha vizuri. Wakulima wa India walikuwa wamelima sana kwa kuvutwa na bei. Mavuno yaliyokuwa kama tani milioni 2.5 yakapanda mpaka karibu tani milioni 4.8. Bei ikaanguka hata chini ya ile ambayo Serikali iliwaahidi wakulima wake, yaani rupia 5,050 kwa kilo 100. Jana walikuwa wanalia walaji, leo wanalia wakulima. Serikali yao ikafanya mambo mawili. Mwezi Machi 2017 iliweka ushuru wa forodha wa asilimia 10 kwa mbaazi za kutoka nje. Tena tarehe 5 Agosti 2017 ikaweka kikomo: zisiingie zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka mzima, kutoka nchi zote.

Sasa tazameni kalenda. Mkulima wetu wa kusini alipanda mbaazi zake Desemba 2016 au Januari 2017. Alipozipanda, mlango ulikuwa wazi. Alipozipalilia, mlango ulikuwa wazi. Zilipokauka shambani, mwezi Agosti, mlango ulifungwa. Mtu huyu hakukosa kitu. Hakuchelewa kupanda, hakulewa, hakuiacha palizi. Lakini bei iliyopata kupita shilingi 2,000 kwa kilo ilianguka mpaka shilingi mia chache tu.

Tufanye hesabu ya nyumba moja. Tuseme wamevuna magunia sita ya kilo mia mia, yaani kilo 600. Kwa bei ya shilingi 2,000 wanapata 1,200,000. Kwa bei ya shilingi 300 wanapata 180,000. Jembe ni lile lile, na jasho ni lile lile. Katika nyumba nyingi tofauti hiyo ndiyo mtoto kwenda sekondari au kubaki nyumbani.

USHURU NI KITU KIMOJA, KIKOMO NI KINGINE

Mambo haya mawili watu huyachanganya. Ushuru ni fedha anayolipa mwenye mzigo ili mzigo wake uingie. Mnunuzi akija mnadani kwetu, hesabu yake huianzia mwisho. Kwanza anauliza: "Bei ya Mumbai ni kiasi gani?" Kisha anatoa nauli ya meli, gharama za bandari, lori, magunia, ushuru na faida yake. Kinachobaki ndiyo bei yako. Ushuru ukipanda, yeye hapungukiwi sana. Unapungukiwa wewe uliye mwisho wa mstari.

Lakini ushuru mtu anaweza kuulipa akaingia. Kikomo hakilipiki. Tani zikitimia, mzigo unabaki nje hata kama ungekuwa wa dhahabu. Tena tangu mwaka 2008 India imeziruhusu nchi zenye uchumi mdogo, Tanzania ikiwa mojawapo, ziingize bidhaa nyingi bila ushuru, mradi mzigo uwe na cheti cha kuonyesha nchi ulikotoka. Kwa hiyo kilichotuumiza zaidi mwaka 2017 ni kile kikomo cha tani.

Na hapa ninyi wa pwani ya Ziwa mpate neno lenu. Mitumbwi huvuka huku na huku, na magunia nayo. Mbaazi za Malawi au Msumbiji zikitiwa ndani ya gunia la Tanzania, cheti kitasema uongo. Ikigunduliwa, mzigo wa wengi utaharibika kwa tamaa ya mmoja.

WALIOKUWA NA MKATABA

Tangazo lile la Agosti 2017 lilikuwa na neno moja dogo ambalo wengi hawakulisikia. Lilisema kikomo hakitahusu mizigo ambayo Serikali ya India imeahidi kwa mkataba na Serikali nyingine. Msumbiji walikuwa nao. Mkataba wao ulipanda hatua kwa hatua mpaka tani 200,000 kwa mwaka. Sisi hatukuwa na mkataba wa namna hiyo. Mto ni mmoja, Ruvuma. Ng'ambo hii mbaazi hazina pa kwenda, ng'ambo ile zina njia. Mwaka 2021 Malawi nao wakapata wao: tani 50,000 kila mwaka kwa miaka mitano.

Lakini mkataba peke yake hautoshi. Mwaka 2023 mbaazi nyingi za Msumbiji zilikwama Nacala kwa sababu ya magomvi ya wafanyabiashara na kesi mahakamani, wakati India inazihitaji na bei iko juu. Mlango wa mnunuzi ulikuwa wazi, lakini mlango wa nyumbani ulifungwa. Mkataba unataka na bandari inayokwenda na wauzaji wanaopatana.

MLANGO ULIPOFUNGULIWA TENA

Mwezi Mei 2021 India iliondoa kikomo kile. Lakini haikukiondoa kwa milele. Ilisema: mbaazi ziingie bila kizuizi mpaka tarehe fulani. Tarehe ilipokaribia, ikasogezwa mbele. Ikakaribia tena, ikasogezwa tena. Mwezi Januari 2025 ilisogezwa mpaka 31 Machi 2026. Ndivyo mlango huu ulivyo: umeegeshwa tu, na mwenye nyumba ameushika kwa mkono.

Hata ukiwa wazi, si wewe peke yako unayeingia. Desemba 2023 India iliruhusu njegere kavu za manjano ziingie bila ushuru. Hizo hutoka hasa Kanada na Urusi, kwa bei rahisi. Mama wa India akiona mbaazi ni ghali, hupika njegere. Basi bei ya mbaazi hushuka ingawa hakuna aliyeigusa sheria ya mbaazi. Wakulima wa India wakalalamika, na tangu tarehe 1 Novemba 2025 njegere hizo zilitozwa ushuru wa asilimia 30.

Tena kuna habari kubwa kuliko hizo. Mwezi Oktoba 2025 Serikali ya India ilianzisha mpango wa kujitegemea kwa mazao ya jamii ya kunde, mbaazi zikiwamo. Mpango huo ni wa mpaka mwaka 2030-31. Shabaha yao ni kuvuna tani milioni 35 za jamii ya kunde kwa mwaka. Wameahidi pia kwa miaka minne kununua mbaazi zote zitakazoletwa na wakulima wao walioandikishwa. Yaani mteja wetu mkubwa ametangaza hadharani kwamba anataka asituhitaji. Hatujui kama atafaulu, kwa maana mvua haisomi matangazo. Lakini anayeonywa mapema hana udhuru.

Msiwakasirikie watu wa India. Mkulima wao wa Maharashtra au Karnataka ana jembe na madeni kama wewe, na Serikali yake inamtetea. Tunalotaka ni kwamba na sisi tutetewe, tena na sisi wenyewe tuwe na akili.

TUFANYE NINI?

Kwanza, kabla ya kupanda ulizeni tarehe. Desemba, kabla mbegu haijaingia ardhini, chama chenu cha msingi kimwulize bwana shamba na mamlaka ya COPRA, inayosimamia nafaka na mazao mengine kama mbaazi: "Mlango wa India uko wazi mpaka lini? Je, tarehe hiyo inapita mwezi wetu wa kuvuna?" Swali hili halina gharama. Kama tarehe inaishia Machi na wewe utavuna Agosti, jua kwamba unapanda kwa kubahatisha.

Pili, msiligeuze shamba lote kuwa mbaazi kwa sababu bei ya mwaka jana ilikuwa nzuri. Hivyo ndivyo walivyofanya India mwaka 2016. Mbaazi zikae kati ya mahindi kama wazee walivyozoea. Majani yake na mizizi yake hurutubisha udongo, na faida hiyo haingoji ruhusa ya mtu.

Tatu, zileni. Kina mama, mbaazi zikichemshwa vizuri na kuungwa kwa karanga au nazi huwajenga watoto, hasa majuma ambayo usipa ni haba. Mwaka ambao mlango umefungwa, nyumba inayokula mbaazi imepata hasara nusu. Nyumba isiyozila imepata hasara nzima.

Nne, tunzeni karatasi. Mkipeleka mzigo ghalani, stakabadhi yake isikae mfukoni mwa kaptula. Iandikwe kilo, tarehe na daraja, na mke na mume wote wajue ilipo. Wako waliokuja kuomba wasomewe karatasi zao, nazo zimekwisha kufutika kwa jasho.

Tano, mwambieni diwani na mbunge wenu, kwa adabu lakini bila woga: Msumbiji walipata mkataba, Malawi walipata mkataba, mkulima wa Ruvuma naye anatazamia nini? Swali hilo likiulizwa katika mikutano kumi ya vijiji, litasikika Dodoma.

Wahenga walisema: Tahadhari kabla ya hatari. Hatari hii ina tarehe, na tarehe huulizwa. Kwaherini, mpaka juma lijalo.

Karani wenu wa parokia