Mavu Asiye na Mwiba

Kila kiangazi, bustani za London hupata mgeni anayewafanya watu wazima waache chai mezani wakimbilie ndani. Ana urefu wa karibu sentimita 2, mgongo wa kahawia, tumbo la manjano lenye mikanda myeusi. "Mavu!" mtu anapiga kelele, na gazeti linakunjwa tayari kwa kipigo.

Anayepigwa ni nzi. Jina lake la kisayansi ni Volucella zonaria; hana mwiba, hana sumu, na chakula chake ni nekta na chavua. Kinga yake yote ni hilo koti la kuazima. Mwingereza Henry Walter Bates, aliyekaa Amazon miaka 11, alieleza hila ya namna hii mwaka 1862 kwa kutazama vipepeo: asiye na silaha hujifananisha na mwenye nayo, na ndege aliyekwisha kuonja ubaya wa yule wa kweli humpita mbali. Hila inafaulu kwa ndege. Kwa binadamu mwenye gazeti mkononi, koti hilohilo linamponza.

Na kumtambua hakuhitaji shahada. Mavu ana mabawa manne, nzi mawili. Papasi za mavu ni ndefu. Za huyu ni vijinywele tu mbele ya macho makubwa yaliyojaa karibu kichwa kizima.

Jike ndiye mwenye moyo mgumu zaidi. Huingia kwenye kiota cha nyigu, akataga mayai humo. Mabuu yake hukaa chini ya kiota yakila taka na majana waliokufa. Mfagiaji, basi, wala si mwizi.

Hofu ilipata sababu mpya mwaka 2016, mavu wa Asia, mla nyuki, alipothibitishwa kuingia Uingereza. Wananchi wakaombwa watoe taarifa, na ni haki. Lakini picha ya simu inatosha kuwa taarifa. Maiti ya nzi haimsaidii nyuki yeyote.

Afrika Mashariki nako kuna jamaa wadogo wa nzi huyu wenye mikanda hiyohiyo. Mmoja ni Ischiodon aegyptius, anayeonekana akielea juu ya maua kama aliyetundikwa kwa uzi. Mkulima akimdhania nyigu na kumpulizia dawa, amejipunja mwenyewe. Buu wa nzi huyu, asiye na miguu, hujikokota juu ya jani, akamnasa kidukari, akamfyonza mpaka ibaki ngozi tupu, kisha akamgeukia wa pili.