Mashauri ya Nyumbani: Ng'ombe Hakamuliwi Pembe

Juma lililopita jirani yangu alifika kwangu jioni, akaketi barazani, akakataa chai. Nikajua mara moja kwamba ana neno. Akasema: "Mwenzangu, nataka kumwuza yule mtamba. Ninunue ruta nyingine, kubwa kuliko hii."

Ruta ni kile kisanduku kinachopokea intaneti na kuigawa nyumbani kwa njia ya hewa, bila waya, ili simu na kompyuta ziitumie. Wengi huita Wi-Fi tu. Jirani yangu alinunua ya kwanza kwa fedha za mahindi, kwa sababu binti yake anasomea ualimu akiwa nyumbani, na masomo yake huja kwa intaneti. Msichana hulala katika nyumba ndogo ya uani, hatua 25 kutoka nyumba kubwa. Huko mawimbi hayafiki. Kila usiku hutoka nje, hujifunika shuka, na kuketi chini ya dirisha la baba yake apate kupeleka majibu yake. "Mbu watamwua mwanangu," baba akasema. "Mtamba atapatikana mwingine."

Nikamwambia: "Usiuze bado. Twende kwanza tukaone."

Basi tulikuta nini? Ruta ilikuwa ndani ya kabati la chuma, nyuma ya sahani, na kitambaa cha kufuma kimewekwa juu yake. Nikauliza sababu. Mama wa nyumba akajibu: "Shemeji, watoto watakiharibu, tena vumbi ni jingi." Sikumcheka, maana mimi mwenyewe zamani niliiweka yangu nyuma ya jokofu, nikawa nailaumu kampuni ya simu.

Sikilizeni sasa. Mawimbi haya hayapiti katika chuma; yakigonga chuma hurudi. Kabati la chuma, mlango wa bati, jokofu, hayo yote ni kuta. Maji nayo huyameza, kwa hiyo usiiweke ruta nyuma ya pipa la maji. Ukuta wa zege au wa tofali nene huyapunguza sana. Mbao nyembamba na kioo cha kawaida huyaacha yapite. Mahali pazuri ni juu, palipo wazi, karibu na upande unaohitaji mawimbi. Tukaitoa kabatini, tukaiweka juu ya kibao cha mti karibu na dirisha la uani. Msichana akaenda chumbani mwake na simu. Kidogo akapiga kelele: "Baba, imefika!" Mistari miwili kati ya minne. Lakini alipofunga mlango wake wa bati, ukabaki mmoja, tena wa kuyumba.

Hapo ndipo baba aliponiuliza: "Je, nikinunua ile yenye antena nane? Mwenye duka aliniambia inafika hata barabarani." Swali hili naulizwa na wengi, basi nalijibu kwa wote.

Kwanza, msihesabu antena. Ng'ombe hakamuliwi pembe. Antena nyingi zaweza kusaidia kazi iende kwa kasi watu wanapokuwa wengi, lakini hazifanyi ruta ifike mbali mara nane. Nguvu ya kutuma mawimbi imewekewa mpaka na sheria za nchi. Tena kumbukeni kwamba haya ni mazungumzo ya pande mbili. Ruta hata ikinguruma kama fahali, simu yako lazima ijibu, nayo ina sauti ya kifaranga. Ruta isipoisikia simu, hakuna kitu. Na kama ruta yako ina antena za nje, zisimamisheni wima, maana antena iliyosimama hutawanya mawimbi kuelekea pembeni; ukiilaza, mengine yanakwenda darini na ardhini.

Pili, ulizeni masafa. Ruta nyingi za siku hizi zina masafa ya aina mbili: gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Fikirini ngoma ya arusi. Ngoma nzito husikika ng'ambo ya kilima, lakini njuga za wachezaji husikika pale uwanjani tu. Ndivyo ilivyo hapa. Wimbi la 2.4 lina urefu wa kama sentimita 12. Hupenya kuta vizuri zaidi na kufika mbali, lakini si la kasi sana. Wimbi la 5 lina urefu wa kama sentimita 6. Lina kasi, lakini huchoka upesi. Nunueni yenye yote mawili, na kila moja mlipe jina lake. Aliye sebuleni atumie la 5. Aliye nyumba ya uani atumie la 2.4.

Tatu, msidanganyike na tarakimu za sandukuni. Mkiona AC1200, maana yake wamejumlisha kasi ya juu kabisa ya masafa yote mawili, 300 na 867, wakaizungusha hesabu. Hiyo ni kasi, si umbali, na simu moja haiipati yote. Isitoshe, ruta haiwezi kugawa zaidi ya ile intaneti inayoingia. Mtungi haumimini kuliko ulivyoteka.

Nne, na hili latuhusu sana sisi wa vijijini. Mjini intaneti huingia kwa waya. Kwetu wengi huipata kwa laini ya simu kutoka mnarani. Kwa hiyo tuna safari mbili: kutoka mnarani mpaka kwenye ruta, na kutoka kwenye ruta mpaka kwenye simu. Ya kwanza ikiharibika, ya pili haina faida. Kabla ya kununua, zungukeni nyumba na simu yenye laini ya kampuni mnayotaka, mwone ni dirisha gani linapata mnara vizuri. Ulizeni pia ruta inapokea masafa gani ya mnara. Ya megahezi 700 au 800 husafiri mbali kuliko ya 1800 au 2600, lakini yafaa tu ikiwa mnara wenu unayatumia. Kama mnara uko mbali, tafuteni ruta yenye tundu za kuunga antena ya nje, ili antena ipandishwe juu ya bati. Na ulizeni kama imefungwa kwa kampuni moja tu, maana kampuni hiyo ikififia, mtabaki na sanduku.

Tano, angalieni kama ina tundu la waya upande wa nyuma. Hili watu hulidharau, nalo ndilo lililomwokoa mtamba wa jirani yangu. Palipo na mlango wa bati na nyumba mbili, dawa bora ni waya wa mtandao kutoka kwenye ruta mpaka nyumba ya pili, na huko kisanduku kidogo cha kutoa Wi-Fi. Waya huo hufanya kazi vizuri mpaka meta 100. Wapo wanaonunua kifaa cha kurudia mawimbi, ambacho wauzaji hukiita ripita. Si kibaya, lakini kiwekwe katikati, mahali kinaposikia ruta vizuri. Kikiwekwa penye mawimbi hafifu, kitarudia huo uhafifu. Tena vile vya bei ndogo hupunguza kasi kama nusu, kwa sababu husikiliza na kusema kwa sauti ileile moja.

Jirani alinunua waya wa meta 30, wa aina inayostahimili jua, akaupitisha ndani ya bomba la plastiki chini ya ardhi. Kisanduku cha pili alikipata kwa fundi, kimetumika kidogo. Fedha zote hizo zilitoka kwa kuku wachache. Radi ikianza, huchomoa waya pande zote mbili. Nanyi fanyeni hivyo, hasa wenye antena juu ya paa. Na kwa wenye umeme wa jua: ruta nyingi za nyumbani hutumia volti 12 na umeme mdogo, lakini soma kibandiko chake kabla ya kuunga betri.

Juzi usiku nilipita uani kwao. Hakuna mtu aliyeketi chini ya dirisha. Taa ilikuwa inawaka katika nyumba ndogo, mlango umefungwa, na zizini mtamba alikuwa anacheua. Baba akaniita ndani. Safari hii chai niliinywa mimi.

Basi, wazazi, kabla ya kwenda dukani na fedha za mazao, itoeni kwanza ruta kabatini. Kitambaa kile cha kufuma kina kazi yake mezani.